Dhahabu Haijui Tarehe

Wanaume wa Nyakunguru walikuwa wamekwisha kuutafuna uwanja wa mpira wa wavulana, na nguzo za magoli wakazishusha shimoni kushikilia kuta za duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia. Hakuna aliyelia. Wavulana wenyewe ndio waliotangulia na sururu, kipa akiwa mbele. Ulikuwa msimu wa rashi, ndivyo wachimbaji wanavyosema dhahabu inapoonekana mahali na watu wakamiminika kama wameitiwa pilau la bure, na mtu asiyechimba alionekana mgonjwa. Kwa hiyo kijiji kilibakiwa na uwanja mmoja, wa wasichana, na timu moja, Karasha Kwinsi. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na wasichana wale walilichukua jina hilo kwa sababu walizoea kusaga watu.

Nahodha wao alikuwa Mokami, mshambuliaji, binti mrefu mwenye mguu wa kushoto usio na adabu hata kidogo. Jumamosi ya wiki ile walikuwa wanacheza na timu ya Natta, na mechi hiyo kwa Mokami haikuwa mechi tu. Kocha Modestus wa Mwanza, mwenye timu ya ligi ya wanawake, alikuwa amepiga simu akasema anakuja kumwona huyo namba tisa anayezungumzwa. Akimpenda, anamchukua: shule, kitanda na jezi. Ila kanuni ya mashindano ilikuwa moja na haina huruma, kwamba mwenyeji asiye na uwanja amefungwa. Mokami alikuwa halali vizuri. Akila ugali anauona mpira ndani ya bakuli la mchuzi.

Kocha wao alikuwa Nesi Bupe wa zahanati, mwanamke kutoka Tukuyu aliyeletwa na serikali kuchoma watu sindano. Mpira hakuwahi kuupiga hata kwa bahati mbaya, lakini alikuwa anasoma. Alikuta kocha wa zamani akiwafundisha wasichana kwa matusi, akamfukuza, akaleta sayansi. Aliwafundisha kutua na magoti yaliyokunjwa, kwa sababu, alisema, magoti ya msichana huumia kwa namna yake na hakuna aliyejisumbua kuwaambia. Alimpelekea fundi Arafa wa Tarime kitambaa kigumu ashone sidiria za kukimbilia, ili watu wasikimbie huku wamejikumbatia. Aliwapa vidonge vya kuongeza damu akawaambia wale dagaa na maini. Na kila msichana alitakiwa amwambie siku zake zinapoanza, ajue nani apunguziwe mazoezi na nani asukumwe.

"Damu ni damu," alisema. "Si laana, si uchafu, si siri ya jeshi."

Mwanzoni wasichana walificha nyuso ndani ya jezi. Baada ya muda Zaitun, kipa, mtoto wa muuza vitenge, alikuwa anapaza sauti kutoka golini, "Nesi, wangu umefika!" mpaka ng'ombe wa watu wanageuka kuangalia.

Balaa lilianza Jumatatu. Kijana mmoja mchimbaji, Ryoba, alikwenda kujisaidia nyuma ya goli la wasichana, na katika kuangaza macho huku na huku asionekane, akaona jiwe linang'aa. Hakumaliza hata alichokwenda kufanya. Mazoezi ya jioni yalipoanza, wanaume walikuwa wamefika na sururu na masepetu, wakiongozwa na Wangwe, mwenye duara kubwa kuliko yote pale, mtu wa kitambi, simu mbili na sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo mzee Wangwe," Mokami alisema.

"Marahaba. Tokeni."

"Uwanja ni wa kijiji, mzee."

"Na dhahabu iliyo chini yake ni ya nani, ya mpira? Binti, usinichoshe. Mura," alimwita kijana wake mmoja kwa neno la kwao, "anza pale penye duara la katikati, wametuchorea wenyewe."

Wanaume wakacheka. Mokami akaona Jumamosi inakwenda, Mwanza inakwenda, kila kitu kinashuka shimoni na zile nguzo. Hapo ndipo akili ya ushenzi ikamjia. Kila mtoto wa machimboni anajua kwamba wachimbaji hawaogopi polisi, hawaogopi kufukiwa, hawaogopi hata wake zao, lakini wanaogopa mwanamke aliye mwezini. Akisogelea duara tu, wanasema, dhahabu inakimbia, inazama mpaka kuzimu, na huipati tena hata ulie.

Mokami akaenda pale katikati ya uwanja akakaa chini, akakunja miguu.

"Jamani wenzangu, njooni tukae," alisema kwa sauti ya kuumwa. "Sisi wote tuko mwezini."

Wasichana walimtazama kwanza. Kisha Zaitun akaja akajitupa chini akishika tumbo. "Yarabi, na wangu ndio mbaya zaidi!" Wakaja wote, na wa akiba, wakatawanyika uwanjani wakikaa huku na kule mpaka hapakubaki pa kutia sururu.

Wangwe alirudi nyuma. "Wote? Siku moja? Inawezekanaje?"

"Muulize nesi," Mokami alisema. "Ni sayansi."

Loo, hebu ungewaona! Wanaume wazima, wenye vifua, wanaoshuka mita kibao chini ya ardhi na tochi kichwani, walitimka kupitia shamba la mihogo wakifunika sururu zao kwa makoti zisipatwe. Mmoja aliacha kandambili na hakuirudia.

Nesi Bupe alipofika na kusimuliwa, alicheka mpaka akashika nguzo ya goli asianguke. Halafu kicheko kikakatika.

"Ninyi watoto. Nimekaa nanyi mwaka mzima nawaambia jambo hili ni uongo. Leo mmewapigia muhuri."

"Uongo ni wa kwao, nesi," Mokami alijibu. "Sisi tumeuazima tu."

"Haya. Utaona wakija kuudai."

Hawakuchelewa. Jumanne asubuhi wenye maduara walikaa kikao, wakasema kama timu nzima ya wasichana inaweza kuingia mwezini siku moja, basi hakuna mwanamke wa kuaminiwa. Wakawafukuza wanawake wote machimboni. Wanawake hao ndio waliokuwa wakigonga mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa karashani, jua linawachoma na vumbi linawaingia kifuani, na ndio waliokuwa wakipika. Kikao cha watu wenye akili, lakini ilipofika saa sita wakagundua wamefukuza na ugali.

Mchana wanawake walikuja uwanjani na nyundo zao mkononi, na hawakuja kushangilia. Mbele yao alikuwa mama yake Mokami, mgongaji wa mawe wa Wangwe tangu Mokami ananyonya. Nyuma yake bibi mmoja alikuwa akifoka, "Mimi wangu ulikatika kabla mashetani hawa hawajaota ndevu, nami nimefukuzwa! Nimefukuzwa kwa kitu nisicho nacho!"

Mama yake Mokami hakufoka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mambo ya mwili hayakuwa miongoni mwa maneno hayo. Mokami alipovunja ungo mama alimtazama, akamkabidhi kipande cha khanga kuukuu, akasema nenda kwa shangazi yako. Basi. Mengine yote Mokami aliyasikia kwa nesi.

"Unajua hii nyundo ndiyo inakulisha?" mama alimuuliza sasa. "Ndiyo imekununulia hata hivyo viatu?"

"Najua mama."

"Basi mpira umekwisha. Jumamosi hutoki nyumbani."

Mokami alilia kilio cha hasira, si cha adabu. Alilia mpaka Nesi Bupe akachoka kumbembeleza. Mwisho akajipangusa makamasi kwa jezi, akasema, "Nitakwenda kwa Wangwe. Nitashuka kwenye duara lake nikiwa mwezini kweli, nitoe mawe, aone dhahabu ipo. Wangu unaanza kesho kutwa, wewe mwenyewe unajua."

"Na isipokuwepo? Duara la Wangwe limekauka tangu mwezi uliopita. Hilo si jaribio, mwanangu, hiyo ni kamari." Nesi akafikiri akikuna shingo. "Kama ni kujaribu, tujaribu kama watu waliosoma."

Alhamisi wakasimama mbele ya Wangwe, na Bupe akaeleza. Wanaume wajaze magunia matatu. Wasichana watatu walio mwezini wajaze matatu, pale pale, kwenye mwamba ule ule. Yeye Bupe atayachanganya, na mbele ya karasha hakuna atakayejua gunia lipi ni la nani, hata Wangwe, ili mtu asije akaosha kwa mkono wa upendeleo. Kila gunia lisagwe na kuoshwa peke yake. Magunia ya wasichana yakiwa matupu na ya wanaume yana dhahabu, uwanja wachukue. Yakilingana, wanawake warudi kazini na uwanja usiguswe.

Wangwe aliona amefaulu kabla ya mtihani. "Duara lenyewe limekufa, mniharibie nini tena? Shukeni."

Mokami alishuka kwa kamba akiwa na tumbo linalomsokota, maana mwili nao haukumsubiri. Chini palikuwa na joto na harufu ya baruti. Ryoba, aliyepewa kazi ya kuwaonyesha mwamba, alijibana ukutani asiguswe, na kila Mokami akigeuka naye anageuka, wakazunguka hivyo wakati wote. Mokami alichimba kwa woga. Hakuogopa giza. Aliogopa kwamba labda, pengine, wanaume wale walikuwa na haki, maana mtu akiambiwa jambo tangu utotoni, kichwa kinaweza kulikataa na tumbo likabaki nalo.

Magunia yalisagwa, yakaoshwa kwenye karai watu wote wamekodoa macho. Lile la kwanza, chenga chache za dhahabu. La pili, hakuna kitu. La tatu likawaka njano ukingoni mwa karai, watu wakaguna. La nne chenga, la tano likawaka tena, la sita halikuwa na kitu. Bupe akafunua alama zake. Yaliyowaka, yote mawili, yalikuwa ya wasichana. Tupu moja lilikuwa la wasichana, na jingine la wanaume.

"Kwa hiyo," Bupe alianza, akifurahi, "tumeona kwamba haikimbii. Lakini tusiseme zaidi ya hapo, magunia sita ni machache mno, hii tofauti ni bahati tu, tungehitaji..."

Hakuna aliyemsikiliza. Wangwe alikuwa ameshika kichwa.

"Jamani!" alipiga kelele. "Tulikuwa tunasoma kinyume! Haikimbii, INAVUTWA! Wanawake wa mwezini wanavuta dhahabu!"

Thubutu umwambie mtu mwenye tamaa kwamba ni bahati. Habari zilifika mpaka kijiji cha Matongo kabla jua halijazama. Ijumaa wanawake waliitwa kazini kwa heshima ambayo hawakuwahi kuiona, na kila mmoja akapokewa na swali la kunong'onezwa: "Samahani mama, leo hauko mwezini kweli? Hata kidogo?" Ryoba aliuliza swali hilo kwa yule bibi, akapigwa kwa mwiko. Zaitun alifuatwa na bodaboda watatu wakitaka kumpeleka kwenye maduara ya ndugu zao. Alikataa akisema yeye ni kipa, si sumaku.

Mokami alicheka na wenzake siku nzima. Wanawake wamerudi kazini, uwanja umepona, na mama, ingawa hajasema ndiyo, hajasema tena hapana. Kitu kimoja hakikumpitia akilini, na hakikumpitia nesi na elimu yake yote. Lakini Wangwe kilimpitia alfajiri, kitandani, akaruka akavaa suruali nyuma mbele, na ahadi ya Alhamisi akaiacha kitandani. Kama msichana mmoja wa mwezini anavuta dhahabu, je, ule uwanja walipokaa wote, timu nzima na wa akiba, siku moja?

Jumamosi Mokami alifika uwanjani akaukuta umegeuka shamba la mashimo. Wanaume walikuwa wamezagaa kila mahali, na penye duara la katikati, pale alipokaa yeye mwenyewe, palikuwa na shimo la kufika mabegani mwa Wangwe. Lori la timu ya Natta lilikuwa limekwisha fika, wasichana wa watu wamesimama juu yake wakishangaa. Mwamuzi alikuwa akitazama saa. Na pembeni, amevaa koti la michezo, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, naye ndiye Kocha Modestus, alikuwa akimuuliza Nesi Bupe kama mpira wa huku una kanuni nyingine.

"Nawapa nusu saa," mwamuzi alisema. "Uwanja usipochezeka, Natta wameshinda."

Mokami alikwenda akasimama ukingoni mwa lile shimo, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mzee Wangwe, tulidanganya! Jumatatu hatukuwa mwezini. Hakuna hata mmoja. Tulitaka muondoke tu."

Wangwe aliinua kichwa shimoni, akatabasamu kwa ujanja. "Binti, nimekua. Unataka niondoke ili uchimbe mwenyewe."

"Nakuapia!"

"Chimba, mura, chimba! Ameanza kuapa, tumekaribia!"

Wanaume wakachimba kwa nguvu mpya. Mokami akageuka, na nyuma yake alikuwa mama, na wanawake wa nyundo, wote. Mama alikuwa hajawahi kufika uwanjani pale siku ya mechi. Alimpita Mokami bila kumtazama, akasimama alipokuwa amesimama yeye.

"Wangwe," aliita. "Ile nyumba yako ya bati la bluu. Mawe yake aligonga nani?"

"Mama Mokami, si wakati wake huu."

"Aligonga nani?"

"Wewe na wenzako. Nani asiyejua?"

"Na unadhani kila mwezi tulikuwa tunakaa nyumbani siku tano tunakunywa chai? Watoto wangekula nini?" Akamwonyesha nyundo yake. "Miaka yote hii mimi nimegonga mawe yako nikiwa mwezini. Najifunga matambara mawili, natia na la tatu, nagonga. Siku ile duara lako lilipotapika dhahabu ukachinja ng'ombe, nilikuwa mwezini. Na siku lilipokauka ukaleta mganga akakutoza mbuzi, nilikuwa mwezini pia. Siku nyingine sikuwa, ikapatikana. Nyingine sikuwa, ikakosekana. Dhahabu haijui tarehe, Wangwe. Mimi ndiye niliyejua. Nilikuwa naogopa mpaka mikono inanikufa ganzi, nikidhani mkigundua mtaniua kwa hizo hizo nyundo."

Sururu zikawekwa chini moja moja.

"Na mimi," mwanamke mmoja akasema.

"Na mimi." Akasema mwingine, halafu mwingine, mpaka ikawa ni wote.

"Mimi nilikuwa nao mpaka kwenye duara la baba yako, Wangwe," yule bibi akadakia, "na alikufa tajiri, mjinga wewe."

Wangwe alibaki shimoni ameshika sepetu. Uso wake ulionyesha anarudi nyuma mwaka kwa mwaka, ng'ombe kwa ng'ombe, mganga kwa mganga. Mbuzi wa yule mganga ndiye aliyemuuma zaidi. Alitazama udongo alioutoa tangu alfajiri, udongo mtupu, mwekundu, usio na hata chenga. Akapanda juu taratibu, na kitambi kikamsumbua, Ryoba akalazimika kumvuta.

"Mnatazama nini?" aliwafokea vijana wake, kwa kuwa ilibidi amfokee mtu. "Fukieni! Watoto wa watu wamekuja kucheza!"

Walifukia wote, wanaume na wanawake, na wasichana wa Natta wakashuka kwenye lori wakasaidia, kwa sababu kungoja kunachosha. Kocha Modestus alivua koti akashika sepetu. Nesi Bupe alikuwa akilia waziwazi huku akikanyaga udongo ushikamane. Mwamuzi alipita akiruka ruka kila shimo lililofukiwa, akaangalia saa, akasema panachezeka kwa mwenye miguu yake.

Mokami alikuwa akifunga kamba za viatu. Kivuli cha mama kikasimama mbele yake.

"Mokami. Leo uko mwezini?"

Hakuwahi kulisikia neno lile kinywani mwa mama kwa ajili yake. Na mama hakulinong'ona. Wanaume walisikia, Wangwe alisikia, Kocha Modestus alisikia.

"Ndiyo mama."

"Tumbo linauma?"

"Kidogo. Nesi amenipa dawa."

Mama aliitikia kwa kichwa. Akatandika khanga yake kwenye mstari wa mbele kabisa, akakaa, akaweka nyundo pembeni, na wanaume waliokuwa pale wakasogea kumpisha.

"Mimi sikuwahi kupewa dawa," alisema. "Kacheze."